Kuvua Usiku Bwawani Mtera na Kurudi Salama: Mwongozo Kamili

Mwezi wa Aprili, mvua zikielekea ukingoni, nilipita na mtumbwi mahali fulani upande wa Migoli na upondo mzima ukazama bila kugusa chini. Oktoba ya mwaka uleule, saa 9 usiku, palepale, tulipanda kisiki. Mtumbwi ulisimama ghafla, nyuma ikazunguka, tukawa ubavu kwenye mawimbi na maji yakaanza kuingia upande wa kushoto. Tulikuwa watatu. Tulinusurika kwa mambo mawili madogo: hakuna aliyekurupuka kusimama, na kila mmoja alikuwa na jaketi okozi mwilini tangu tulipoondoka mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inapotua.

Nayaandika haya kwa ajili ya wanaovua Mtera, iwe upande wetu wa Dodoma au ng'ambo ya Iringa. Anayeingia usiku Hombolo, Singidani au Kitangiri naye atapata cha kuchukua. Ila Mtera ina tabia zake, nazo ndizo nitakazozikalia zaidi. Na jambo ninaloliamini kuliko yote ni hili: usalama wa mvuvi wa usiku huandaliwa mchana. Giza likishaingia huongezi kitu. Unatumia tu ulichokwisha kukiweka tayari.

Lijue bwawa kabla ya kulivua

Mtera si ziwa la asili. Ukuta ulijengwa kati ya 1975 na 1980 ili kutunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini, na mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ikaanza kazi 1988. Maji yalipopanda yalifunika bonde lenye miti yake. Miti ikafa ikiwa imesimama. Mingine bado inaonekana, ndege wanatua juu yake, na hiyo haina shida kubwa kwa sababu unaiona. Mibaya ni ile iliyokatika ikabaki shina tu, kiasi cha mkono mmoja chini ya maji.

Shida inazidi kwa kuwa bwawa halitulii mahali pamoja. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5, karibu urefu wa nguzo ya umeme ya mtaani. Kwa hiyo kati ya masika na mwisho wa kiangazi ramani yote ya bwawa inabadilika: ghuba inakuwa tope, njia inakuwa msitu wa visiki, na kisiwa kinatokea pale ulipokuwa ukitega nyavu. Mvuvi anayesema "naijua hii njia" ana haki ya kusema hivyo kwa wiki mbili au tatu hivi. Baada ya hapo aipite tena mchana.

Kabla ya yote pita ofisi ya uvuvi au kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wako. Ulizia kama bwawa liko wazi kwa uvuvi wakati huo, zana gani zinaruhusiwa na maeneo gani hayaguswi. Leseni ya mvuvi na ya chombo ziwe hai. Hili lina maana kwa usalama pia, kwa sababu mvuvi asiye na kibali huzima taa akiona boti ya doria, na mtu anayekimbia gizani bila taa kwenye visiki ndiye anayekufa.

Pita njia yako mchana

Siku ya kuingia, au siku moja kabla, chukua mtumbwi uleule, pita njia ileile utakayopita usiku, polepole, na upondo mkononi. Pima kina kila baada ya makasia machache. Kisiki chochote kilicho karibu na njia kifunge alama: dumu dogo jeupe au chupa ya maji ya lita tano iliyofungwa vizuri, na utepe unaong'aa wa aina ile inayobandikwa kwenye malori. Utepe huo hauhitaji betri. Ukiupiga tochi kutoka mbali unakurudishia mwanga. Kipande cha urefu wa kiganja kinatosha, na nakuhakikishia hakuna fedha utakayoitumia vizuri zaidi ya hiyo.

Chagua njia moja ya kwenda na kurudi, nawe uiheshimu. Kukatiza mkato usiku kwa sababu mmechoka ndiko kunakopeleka watu kwenye visiki.

Kama una simu janja, washa programu ya ramani mchana huo na uhifadhi alama za mwalo, za visiki vibaya na za mahali pa kutegea. Mtandao ukikosekana katikati ya bwawa, simu bado inapokea mahali ilipo kutoka kwenye satelaiti bila bando, mradi ramani uliishaipakua ukiwa nchi kavu. Ila usiiweke simu kuwa dira yako pekee. Ikilowa, au chaji ikiisha, ubaki na kitu kichwani.

Kisha kaa na waliorudi asubuhi. Wakati wanatoa samaki kwenye nyavu wanakuwa na habari za usiku uleule: viboko wamehamia wapi, upepo uligeuka saa ngapi, nyavu za nani zimetandazwa kwenye njia. Mzee mmoja wa Kigogo ndiye aliyenizoesha hili. Nikimwamkia "Shikamoo babu," anajibu "Marahaba mwanangu," na kabla sijauliza bei ya perege anataka nimuulize juu ya maji. "Samaki utawakuta," huniambia. "Maji je?"

Upepo, mvua na mwezi

Kanda yetu ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo hatari kubwa ni dhoruba ya radi, ambayo inaweza kujijenga jioni ukiwa umeshafika katikati. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, halafu angalia mbingu kwa macho yako. Ukiona umeme unamulika, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Acha nyavu, nenda nchi kavu. Usirudi majini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikikukuta katikati na huna pa kukimbilia, laza upondo, kaeni chini kabisa ndani ya mtumbwi, na msijifunge kwenye mti mkavu uliosimama majini. Ule mti ndio mrefu kuliko kila kitu pale.

Kiangazi adui ni upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na wakazi wa Dodoma tunaujua kwa vumbi lake. Kwenye bwawa lenye maji mengi yasiyo na kina kirefu, upepo huo huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana upesi. Mawimbi ya namna hiyo yanajaza mtumbwi haraka kuliko mawimbi marefu. Kanuni yangu ni rahisi: kama saa 12 jioni upepo bado unarusha povu kwenye vichwa vya mawimbi, siingii. Nasubiri. Mara nyingi unatulia baadaye usiku, na usipotulia nalala.

Mwezi uujue kwa tarehe. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama na kukaa nawe hadi alfajiri. Baada ya hapo kila siku unachelewa kuchomoza kwa kama dakika 50, kwa hiyo siku nne baada ya mwezi mpevu utakuwa na giza tupu kwa zaidi ya saa tatu za mwanzo. Mwezi mchanga ni kinyume: unakumulikia wakati wa kutega, kisha unazama kabla hujaopoa. Wavuvi wengi wanapenda giza kwa sababu samaki hawauoni wavu. Sipingi, ila anayeanza kuvua usiku aanze na usiku wenye mwezi.

Mtumbwi

Ukague mchana, ukiwa umetolewa majini. Chokonoa maungio ya mbao kwa ncha ya kisu. Pamba ya kalafati ikitoka kirahisi, pazibwe upya kabla ya safari. Uvujaji mdogo ambao mchana unauchota huku ukipiga soga, usiku hauuoni mpaka miguu ilowe.

Kopo la kuchotea maji lifungwe kamba kwenye mtumbwi, na liwepo la pili. Makasia yawe moja zaidi ya idadi ya wapigaji. Chini ya viti funga madumu matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, mawili mbele na mawili nyuma. Mtumbwi ukijaa maji, madumu hayo ndiyo yatakayoushikilia juu pamoja nanyi.

Uzito ndio unaonisumbua zaidi ninapotazama mitumbwi inayoondoka jioni. Watu wanahesabu vichwa, wanasahau kwamba nyavu kavu zitarudi zimelowa na samaki juu yake. Ukiwa umekwisha kupakia kila kitu, kati ya maji na ukingo wa mtumbwi pabaki shubiri mbili kwa uchache. Ikiwa ni shubiri moja wakati wa kwenda, wakati wa kurudi haitakuwepo. Mtu mmoja abaki nyumbani.

Kwa wenye injini: theluthi moja ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Beba plagi ya akiba na kifaa cha kuifungulia, na makasia hata kama injini ni mpya. Kamba ya kuzimia injini ivaliwe mkononi muda wote, maana mwendeshaji akidondoka usiku boti inaendelea kwenda na haitamrudia. Petroli ijazwe nchi kavu, mbali na karabai na sigara.

Jaketi okozi

Vaeni mwaloni, vueni mwaloni. Jaketi lililokaliwa kama mto halimfai mtu, kwa sababu anayedondoka usiku hadondoki nalo. Tafuta lenye nguvu ya nyutoni 100 au zaidi. Hilo ndilo lililokusudiwa kumweka mtu uso juu. Yale ya nyutoni 50 ni msaada tu kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na ufuko. Namba hiyo huandikwa ndani. Lijaribu kwenye maji ya kiunoni mchana: likipanda mpaka masikioni, halijakukaa, kaza mikanda au badili. Funga filimbi kwenye zipu. Sauti ya binadamu inakauka baada ya dakika chache za kupiga kelele, filimbi haikauki. Bandika utepe unaong'aa mabegani.

Kama leo huna uwezo wa kulinunua, usiingie na mikono mitupu. Dumu la lita 20 lililofungwa sawasawa linaweza kuwaweka watu wawili vichwa nje ya maji wakilishikilia. Kila mtu awe na lake, limefungwa kamba ya urefu wa mkono. Hii si badala ya jaketi, kwa sababu aliyezimia hawezi kushika dumu. Ni ya kuanzia tu huku unaweka akiba.

Mabuti ya mpira yaacheni. Yakijaa maji hayavuliki. Vaeni nguo nyepesi kwa tabaka, sweta na koti la mvua juu, kwa sababu Juni na Julai upepo wa alfajiri majini unatia ganzi vidole, na vidole vya ganzi havifungui fundo.

Mwanga na macho

Hapa ndipo wengi wanapokosea, tena kwa nia njema. Wanadhani tochi kubwa ndiyo usalama. Macho ya binadamu yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili yaone vizuri, na mwali mmoja wa tochi nyeupe usoni unayarudisha mwanzo. Mtumbwi ambao mtu wa mbele anageuka kila mara na tochi ya kichwani akiwamulika wenzake, ni mtumbwi wa vipofu.

Fanyeni hivi. Ondokeni kabla jua halijazama, ili macho yazoee giza pamoja na machweo. Kazi za ndani ya mtumbwi, kama kufungua fundo au kutoa samaki, zifanyike kwa mwanga mwekundu. Tochi nyingi za kichwani zina kitufe cha mwanga huo. Isipokuwa nacho, funga kioo kwa plastiki nyekundu. Mwekundu hauvurugi macho kama mweupe. Tochi kali nyeupe abaki nayo mtu mmoja tu, aliyekaa mbele, aitumie kwa kumulika mbele na chini ya usawa wa macho ya wenzake, sekunde chache, kisha azime.

Ukitaka kuona kitu hafifu gizani, usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo. Sehemu ya kati ya jicho inaona vibaya kwenye giza kuliko pembeni, na kisiki ambacho hukukiona kwa kukikazia macho kinajitokeza ukitazama mkono mmoja kando.

Kuonekana nako ni kazi. Mtumbwi wa makasia uwe na taa nyeupe iliyo tayari, uiwashe mapema unaposikia injini, uimulike kwenye nyavu zako na kwenye ubavu wa mtumbwi badala ya usoni kwa anayekuja. Boti ya injini iweke taa nyeupe juu ya mlingoti mfupi, inayoonekana pande zote, iliyo juu ya kichwa cha mwendeshaji ili isimpofushe. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana majini za 1972 zinataka boti kubwa ziwe na taa nyekundu kushoto na kijani kulia. Kwa hiyo ukiona kijani peke yake, unatazama ubavu wa kulia wa chombo. Nyekundu peke yake, ubavu wa kushoto. Ukiona zote mbili kwa pamoja, kinakujia wewe. Ondoka njiani, na uondoke kwa kugeuka sana ili akuelewe. Mtera utakutana na wachache wenye taa hizo, hivyo mara kwa mara zimeni kila kitu, nyamazeni, msikilize. Sauti ya kasia husafiri mbali juu ya maji yaliyotulia.

Mwachie mtu taarifa

Mtu wa nchi kavu, mwenye akili timamu na simu yenye chaji, ajue mambo manne: mko wangapi, mnatega upande gani, mnarudi saa ngapi, na saa ngapi aanze kuwatafuta. Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika. Mwambie waziwazi: "Saa 2 asubuhi kama hujatuona, waambie wa BMU watoke na boti." Mpe na namba za dharura, 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, ingawa ukweli ni kwamba usiku majini anayefika kwanza ni mvuvi mwenzako. Ndiyo maana ni vizuri mitumbwi miwili au mitatu ikatega jirani, ikasikiana filimbi.

Simu ziwekwe kwenye chupa ya mdomo mpana au mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, na zivaliwe shingoni ndani ya jaketi. Simu iliyo kwenye kapu inazama na kapu.

Pombe isiingie mtumbwini. Wala asiingie aliyekwisha kunywa. Hili silijadili na mtu.

Kutega na kuopoa

Tegeni jua likiwa bado lipo, opoeni kuanzia mapambazuko, na katikati mpumzike mkiwa mmetia nanga au nchi kavu. Anayeweza kufuata ratiba hiyo amekwisha kupunguza nusu ya hatari. Wanaokagua nyavu usiku wa manane, kwa sababu ya wezi au ya mamba wanaokula samaki wavuni, wazingatie haya.

Mtumbwi uelekee upepo, na wavu uvutwe kutokea mbele. Ukivutia ubavuni, uzito wa wavu na wa mtu vinalala upande mmoja, na wimbi moja linamaliza kazi. Anayevuta apige magoti. Mwenzake akae upande mwingine kusawazisha. Hakuna watu wawili kusimama kwa wakati mmoja. Kila mtu awe na kisu kikali kinachofikika kwa mkono wowote, kimefungwa kifuani, kwa sababu mguu ukinaswa kwenye wavu unaoteremka hutapata muda wa kuuliza kisu kiko wapi. Wavu uliokwama kwenye kisiki usiuvute kwa hasira. Ufunge alama, urudi mchana. Kambale mshike kwa kitambaa, nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani.

Nanga itoke mbele, kamwe isitoke nyuma, na kamba iwe walau mara tano ya kina cha maji. Kina cha mita nne, kamba mita ishirini. Injini ikinasa wavu, zima kwanza, inua, ndipo ukate.

Na haja ndogo fanyeni kwenye kopo, mmekaa. Mtu mzima anaona aibu kuandikiwa hivi, lakini anayesimama ukingoni mwa mtumbwi gizani anadondoka kimya na mwenzake amelala.

Ukutani, pale kwenye malango ya maji na milango ya mitambo, msikaribie kabisa. Maji yanayovutwa kuingia kwenye mitambo hayaonekani juu.

Viboko na mamba

Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi kabla ya kupambazuka. Nyakati hizo mbili, machweo na alfajiri, ndizo na ninyi mnazotumia ufukoni. Dume linaweza kuzidi tani moja na nusu, na akishtuka anakimbilia kina kirefu, hata kama ninyi ndio mko katikati. Basi msikae kati yake na kina. Mkikaribia mwalo au njia zao, gongeni ubao wa mtumbwi kwa kasia mara kwa mara, taratibu, ili awasikie mapema. Mkisikia akikoroma au akipuliza maji karibu, simameni, gongeni, mpeni nafasi apite, kisha mzunguke mbali. Msimmulike tochi machoni kwa muda mrefu wala kumrushia kitu. Kiboko mwenye mtoto mpeni mara mbili ya umbali mliodhani unatosha.

Mamba anavizia, na gizani ana faida kuliko wewe. Kabla ya kushuka popote, mulikeni ufuko na maji ya ukingoni kwa tochi iliyo usawa wa macho yenu; macho ya mamba hurudisha mwanga mwekundu kama kaa la moto. Mkiona makaa hayo, nendeni mahali pengine. Msiburute mikono majini, msioshe samaki wala kutupa matumbo yao mnapotua, msitembee majini kwenda kunasua wavu. Mtumbwi usukumwe mpaka upande mchangani ndipo mtu ashuke, naye ashuke kwa mbele.

Mkipotea

Kosa la kwanza la waliopotea ni kuongeza mwendo. Simameni. Tieni nanga au mjifunge kwenye mti kama hakuna radi, nyamazeni, msikilize: mbwa, jogoo, lori linalopanda barabara ya Iringa. Msifuate taa moja ya kijijini. Taa moja inaweza kuwa pikipiki, moto wa mkaa, au nyumba nyingine kabisa, na umeme ukikatika inatoweka nanyi mkabaki katikati. Jioni chagueni vitu viwili vinavyopangana mstari kuelekea mwaloni, kama mnara wa simu na kilima nyuma yake; vikiendelea kupangana, mko njiani.

Nyota zinasaidia. Zile tatu zilizojipanga mstari mmoja, mkanda wa Orioni, kila zinapoonekana huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Msalaba wa Kusini, unaoonekana jioni kuanzia Aprili hadi Julai, ukiurefusha mstari wake mrefu kuelekea mguuni mara nne na nusu, unafika kwenye ncha ya kusini, ambayo huku kwetu iko chini, karibu na upeo. Kama hujajizoesha na mawingu yamefunika, subirini mapambazuko. Kuchelewa si msiba.

Mtumbwi ukipinduka

Baki na mtumbwi. Wa mbao kwa kawaida hauzami hata ukijaa, na ni rahisi kuuona kuliko kichwa cha mtu. Taa za ufukoni usiku zinaonekana karibu kuliko zilivyo, na waogeleaji hodari ndio wanaodanganyika. Iteni majina, hesabuni. Yeyote aliyenaswa wavuni akatiwe wavu huo kwanza. Pandeni juu ya tumbo la mtumbwi kadiri mnavyoweza, kwa kuwa maji yanaiba joto la mwili haraka kuliko hewa, na kwa ajili ya mamba pia. Mkishindwa kupanda, jikunjeni magoti kifuani na mkumbatiane. Filimbi tatu, nyamaza, sikiliza, rudia.

Ukimwokoa mtu mwingine, usimrukie. Mpe kasia, au mrushie dumu tupu lenye kamba. Akitolewa hapumui, msimkamue tumbo kutoa maji. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, mpulizieni pumzi 5 mdomoni mkimziba pua, kisha mkandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi 2, tena 30, bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka apelekwe kituo cha afya hata akisema ni mzima, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumlemea saa kadhaa baadaye.

Mkifika

Alfajiri uchovu unafanana na pombe. Aliyepata usingizi kuliko wenzake ndiye ashike kasia la nyuma, na mbele abaki mtu wa kutazama visiki mpaka mtumbwi uguse mchanga. Usiku uliopita umewafundisha kitu: kisiki kipya, kundi la viboko lililohama, fungu la mchanga lililoanza kutokeza. Waambieni wanaokagua mitumbwi yao kwa ajili ya jioni. Majaketi yaoshwe na kuanikwa kivulini, jua kali linaozesha kitambaa.

Na kabla ya kufungua kapu, kabla mchuuzi hajaanza kutaja bei, mpigie yule uliyemwachia taarifa umwambie: "Tumefika, sote watatu."